Mfongo Uliokatika Pichani

Wenzangu wa kijiweni pale kwa Mama Zuhura, hapa Moshi, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake nilikuwa wapi siku zile kumi na mbili, na kila mmoja nimempa kipande. Mmoja kasikia habari ya machalari, mwingine kasikia wazee wa Kilema walinikamata, na yule fundi viatu anaeneza kwamba nimekuwa mpima ardhi. Basi naandika yote mara moja, Mama Zuhura atawasomea wasio na miwani. Mimi shule niliishia darasa la tano, mkikuta neno limekaa upande liacheni lilivyokaa. Habari za ruhusa, barua na nauli sitaandika. Majina ya waliokosa nitayaandika.

La kwanza ni Prosperi, mtoto wa baba yangu mkubwa, Kilema ya juu. Mnajua kwamba mama yangu na dada yangu Yustina walifunikwa na udongo mlima ulipoteremka, mchana, mvua ikinyesha, na kwamba mimi, niliyekuwa nimepanda kuwasalimia, nilitolewa jioni nimezama hadi kifuani, nimekumbatia mti wa kahawa. Mkono wangu wa kulia unatetemeka tangu siku ile. Lakini udongo ulishuka kwa nini, hilo hamkuwahi kuniuliza. Kule kwetu maji huteremka kwa mfereji wa wazee, sisi tunauita mfongo. Prosperi aliukata mfongo ule ubavuni, akayavuta maji kwenye bwawa lake la samaki. Bwawa lenyewe halina sakafu. Miaka mitatu maji yalikuwa yanazama ardhini polepole, juu ya nyumba ya mama.

Yeye anakana. Anasema kati ya bwawa lake na kwetu kuna mgongo wa mlima, na maji hayaruki mgongo. Wazee wa ukoo ndio wanaoamua, na wazee wenyewe magoti hayawafikishi tena kule juu kuona kwa macho. Mwaka jana nikapanda na kamera, nikasimama ng'ambo ya korongo, nikapiga picha tisa za kupokezana ili niziunganishe ziwe moja ndefu: bwawa, mfongo, kovu la maporomoko, makaburi. Nikaipeleka kikaoni. Picha zilikuwa zimetikisika. Mbili za katikati hazikukubali kushikana, na pale kwenye kiungo mfongo ukaonekana umekatika, kipande juu na kipande chini, kama fimbo iliyovunjwa. Prosperi akaweka kidole pale pale. Akasema, "Hata picha yake mwenyewe inasema maji hayafiki." Wazee wakacheka. Nikaikunja picha yangu nikashuka Moshi.

Sasa aliyebaki chini ya mteremko ule ni shangazi yangu Anakleta, dada yake baba. Hataki kuhama; anasema makaburi hayahami. Masika yalikuwa yanakuja, na kikao kilikuwa kikae tena Jumapili ya mwisho kabla ya mvua. Maji yale yasipozibwa, shangazi analala chini ya kile kile kilichomfunika mama. Ndiyo nikaondoka.

Moshi hadi Mkuu, kupitia msiba wa watu

Nilikuwa nakwenda Mkuu kwa Thekla. Thekla ana studio karibu na soko. Tulijifunza kazi pamoja hapa Moshi zamani za filamu, kwenye chumba cha giza cha mzee mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa anasikiliza wakati mimi nasinzia. Nilibeba kamera, lenzi, na ile stendi ya miguu mitatu niliyouziwa na Shabani wa duka la simu. Huyo ni wa pili kwenye majina yangu. Aliniapia kwamba stendi ile hata gari likiigonga haitikisiki.

Tulipofika Mwika dereva wa daladala akazima injini. Akatangaza kwamba shemeji yake wa mbali anazikwa pale chini, na yeye hawezi kupita bila kushika mkono wa wafiwa. Tukanung'unika, kisha tukashuka wote, maana kubaki umekaa garini karibu na msiba ni aibu kuliko kuchelewa. Tukateremka kwenye migomba kwa mstari mmoja, watu kumi na wanne tusiomjua marehemu. Ukungu ulikuwa umelala chini, umetufunika miguu, ikawa kama tunaelea kwenda kutoa pole. Bibi mmoja akaniuliza mimi ni wa upande gani. Nikamjibu, wa garini. Sikio lake zito likasikia jina la ukoo fulani wa heshima. Akanishika mkono, akanipeleka kwa wakwe, nikaketishwa benchi la mbele nikapewa supu ya mtori na mbavu. Sikuwa na ujasiri wa kusahihisha mdomo ukiwa umejaa. Nilimlilia marehemu yule kidogo, kweli kabisa. Mama yangu na Yustina tuliwazika mvua ikinyesha, watu wachache, kila mtu akitazama juu mlimani badala ya kutazama kaburi.

Tuliondoka Mwika saa tisa alasiri, dereva akiwa ameshiba kuliko wote.

Thekla alinicheka kwanza, akaniita mpiga picha za vitambulisho, kisha akaniambia nisimamishe stendi yangu sakafuni. Akaijaza maji glasi hadi karibu na ukingo, akaiweka pale juu panapokaa kamera. Akasema niiguse stendi kidogo tu kwa kidole. Maji yakaanza kucheza. Tukasubiri. Yakaendelea kucheza. Akapandisha ile nguzo ya katikati, ambayo mimi huipandisha kila mara ili nionekane mtaalamu, na maji yakamwagika kabisa. Lori likapita barabarani, nasi tuko ndani, na maji yaliyobaki yakatetemeka yakikumbuka.

Nikamwambia mwaka jana nilikuwa na akili zaidi: nilitundika mfuko wa mawe chini ya stendi ili iwe nzito.

"Mfuko ulikuwa unagusa chini?"

"Ulikuwa unaning'inia."

"Na upepo ulikuwepo. Basi ulitundika kengele, Evaristi."

Kisha akachukua lenzi yangu, akaitazama ubavuni, akakuta kile kitufe cha kuzuia mtikisiko kimewashwa. Kitufe kile mimi nakipenda kama dawa. Kwa mkono huu wangu, nisingepiga hata harusi moja bila hicho. Thekla akakizima. Akanieleza kwamba lenzi ya namna ile imefundishwa kupambana na mkono unaotetemeka, na ukiiweka juu ya kitu kilichotulia inautafuta mtetemo, ikiukosa inautengeneza yenyewe. Mwaka mzima nimemlaani Shabani peke yake.

Akaingia ndani akatoka na miguu mitatu ya mti wa mninga, mizito, skrubu za shaba, ncha za chuma chini kama mikuki. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa akibeba vyombo vya wapima ardhi. Fundi aliitengenezea kichwa cha kukamata kamera. Tukaweka glasi juu yake, nikaigusa, nikahesabu pumzi zangu. Pumzi ya nne maji yakalala. Basi hiyo ndiyo ikawa kanuni niliyopewa: geuza kichwa, ondoa mikono, hesabu pumzi nne. Kioo cha ndani ya kamera kitangulie kunyanyuka, maana kikinyanyuka hupiga kofi, na kofi lile nalo lipewe nafasi ya kuisha. Kubonyeza kuachiwe saa ya kamera yenyewe. Wewe simama mbali.

Mkuu hadi Kilema, nikiwa mpima

Bosko wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, yule anayepeleka kabeji, ni wa tatu kwenye majina. Alikubali kunibeba, akaifunga miguu ile ya mninga juu ya mzigo, ncha za chuma zikitazama mbele. Mimi nilikuwa nimesinzia. Jua lilikuwa laini, barabara inapinda na kupinda, na kila nikifungua macho naona Mawenzi imehamia dirisha jingine. Sikujua kwamba kila tulipopita watu walikuwa wanasimama.

Ukiwa na miguu ile huku kwetu, wewe ni mpima ardhi. Hakuna atakayeuliza. Na mpima akija Kilema, ambako kihamba, lile shamba la ukoo, kimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi mgomba mmoja una kivuli cha watu watatu, basi kuna mtu atapata na mtu atakosa. Tulipoingia mtaa wa kwanza, mama mmoja alikuwa ameshasimama kwenye mstari wake wa masale, yale majani yanayopandwa mpakani, ameshika panga. Nikashuka kumsalimia. Akaniambia kwamba babu yake mkwe aliyapanda masale yale kabla Wajerumani hawajaondoka, na kwamba yeye hana ugomvi na serikali, ila panga lake limenolewa asubuhi.

Nikasema mimi ni mpiga picha. Wakatazamana. Nikasema tena. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyoamini, kwa sababu, mzee mmoja alinieleza kwa upole, wapima wote huanza kwa kusema hivyo. Nyumba ya pili nikakaribishwa machalari, ndizi zimeiva vizuri na nyama haikuhesabiwa, na nilipokuwa nashukuru, mwenye nyumba akaniinamia sikioni akaomba mstari usogee kidogo tu, hatua moja, upande wa jirani. Jirani aliona kupitia uwazi wa migomba. Nilipotoka akanisubiri na kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, naye akaomba hatua mbili. Nilikunywa. Mnanijua. Bosko alikuwa amekaa juu ya kabeji zake akiwaambia watu, "Mimi nimembeba tu, mambo ya mipaka mwulizeni mwenyewe."

Nilifika kwa shangazi Anakleta jua likiwa linaelekea chini, nimelishwa mara tatu na kufukuzwa mara moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umekuja kutunyang'anya."

Macho yake siku hizi yana utando, anaona mwanga na vivuli tu. Aliipapasa ile miguu ya mti kuanzia juu hadi kwenye ncha, akasema ni kazi nzuri, kisha akauliza kama nimeona, nilipokuwa napita, maji yanayotoka chini ya ukuta wa jiko lake. Sikuwa nimeyaona. Akanipeleka. Kiangazi chote kile, vumbi barabarani, na pale nyuma ya jiko ardhi ilikuwa imelowa, laini kama unga uliokandwa. Aliuweka unyayo wake pale taratibu, kama mtu anayejaribu joto la maji ya kuoga. Akasema mwaka jana palikuwa pakavu.

Ng'ambo ya korongo

Siku mbili za kwanza hakukuwa na mlima, hakukuwa na korongo. Kulikuwa na wingu, na mimi ndani yake, na miguu mitatu. Nilipanda asubuhi, nikazikandamiza zile ncha ardhini kwa uzito wangu wote, na pale udongo ulipokuwa wa majani yaliyooza nikachimbua hadi nilipokuta jiwe. Kisha nikakaa. Wingu linapita usoni linakulowesha ndevu. Unasikia ng'ombe akilia chini, hujui chini ni wapi. Unasikia mtu anapasua kuni, na unajua ni upande wa makaburi, lakini sauti inatoka nyuma yako.

Nilisinzia na kuamka, nikasinzia tena. Humo katikati nilikuwa nasikia mfongo. Nilikuwa nausikia kama nilivyousikia nikiwa kitandani mdogo, unapita nyuma ya nyumba ukisema neno moja tu bila kulimaliza. Nikifumbua macho, wingu. Mzee mmoja, Meku Kornelio, alinikuta hivyo siku ya kwanza akaketi karibu yangu, na siku ya pili akaja tena na muwa wake. Aliuliza hiki chombo kinapima nini. Nikasema kinapiga picha. Akauliza kama kinapima na watu. Nikasema hapana. Akaonekana amepata nafuu, akasogea karibu zaidi.

Siku ya tatu asubuhi wingu likafunguka, bila upepo. Lilishuka lote kwa pamoja, kama shuka inayovuliwa kitandani, na ng'ambo ile ikawa imelala mbele yangu yote: bwawa la Prosperi linang'aa kama sarafu, mfongo umechorwa ubavuni, lile kovu jekundu, chini yake misalaba miwili, na paa la shangazi. Kibo ilikuwa juu yetu ikitazama mahali pengine.

Nikaanza kushoto. Nikageuza kichwa, nikaondoa mikono. Pumzi moja. Mbili. Wakatokea akina mama watatu na mizigo ya majani ya ng'ombe, na wa kwanza akasema habari za asubuhi na kunyoosha mkono.

Mnajua mambo ya kwetu. Salamu haikatwi katikati. Ukipewa mkono unaupokea, unauliza ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo, nawe unaulizwa, na mzigo uko kichwani kwa mtu wakati wote huo. Nilimpa mkono, ardhi ikatikisika kwa nyayo zao, picha ikaharibika. Nikaanza upya. Akaja mwingine. Mara ya tatu sikujibu. Nilikuwa kwenye pumzi ya tatu, nimeziba mdomo, na yule mama akapita akisema kwa sauti kwamba mpima huyu hana mama.

Meku Kornelio ndiye aliyeniokoa. Aliinuka, akashuka hatua hamsini kwenye njia, akakaa na muwa wake, akawa anazipokea salamu zote kwa niaba yangu. Kila aliyefika alimzuia pale, akamwambia, "Subiri mpima amalize, anasali."

Na kwa kweli ilikuwa karibu na kusali. Geuza, achia, hesabu. Kioo kinanyanyuka. Kimya. Kamera inabonyeza yenyewe, peke yake, mkono wangu ukiwa mfukoni unatetemeka kwa raha zake bila kumdhuru mtu. Kila picha niliigusisha na ile iliyopita kwa theluthi moja. Zilikuwa kumi na moja. Katika zile pumzi nne nne nilikuwa na nafasi ya kutazama kwa macho yangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ile. Nilipofika ya saba nyumba ya mama ilikuwepo. Sisemi niliiona, nasema kwa urefu wa pumzi nne ilikuwepo, na moshi wa jiko ulipita kwenye majani ya paa, na Yustina alikuwa anaanika kahawa mkekani akiisambaza kwa kiganja. Kamera ikabonyeza. Nikageuza kichwa, nikahesabu ya nane.

Jioni Meku hakutaka asante. Alisema tu nisisahau kusogeza na mstari wake, hatua moja upande wa jirani.

Kurudi Mkuu

Nilirudi kwa Thekla aziunganishe kwenye kompyuta yake. Picha zilishikana bila ubishi, moja ikaingia kwenye nyingine kama vidole vya mikono miwili. Alikuza pale palipokatika mwaka jana. Mfongo ulipita mzima, unaonekana hadi mawe ya kingo zake, ukaingia bwawani, na chini ya bwawa kulikuwa na ukanda wa majani mabichi unaoteremka moja kwa moja hadi kwenye kovu. Mgongo wa mlima anaousema Prosperi uko, lakini uko nyuma ya vyote hivyo. Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Kisha Thekla akarudi mwanzo wa picha, kushoto kabisa, akasema tazama, hata huku kumetoka vizuri, majani yanahesabika. Nikatazama. Kulikuwa na ukanda wa pili wa kijani. Mwembamba, hauna bwawa juu yake. Ulianzia kwenye ukingo wa mfongo, mahali pamoja, ukashuka kwa mshazari ukaungana na ule wa Prosperi juu kidogo ya ilipokuwa nyumba ya mama. Na tawi lake moja lilikwenda kwenye paa la shangazi, hadi nyuma ya jiko.

Hapa nawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kabla sijahamia Moshi nilikuwa nafyatua matofali ya udongo ili nijenge kwangu. Maji yalikuwa mbali kubeba. Nikautoboa mfongo kwa jembe, pale pale, tundu la kuingia mguu wa mtu. Matofali yakaisha, nikapata kazi ya picha, nikaliziba tundu kwa vigogo vya migomba nikaondoka. Vigogo vya migomba huoza. Kila mtoto wa Kilema anajua. Mwaka jana picha ilitikisika, ukanda ule haukuonekana, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasahau, au nilikuwa nasema nimesahau.

Nilimwuliza Thekla kama picha inaweza kuanzia ile ya tatu.

"Inaweza," akasema. "Bwawa linabaki, makaburi yanabaki. Hakuna atakayejua." Akaweka mkono kwenye kile kipanya chake akasubiri, na hakuuliza kwa nini.

Ilikuwa rahisi hivyo. Prosperi angeshindwa kikaoni, ningeshuka Moshi nikiwa mtu. Na unyayo wa shangazi ungeendelea kuzama nyuma ya jiko, kwa maji yangu. Nilimwambia Thekla aichapishe yote, kwenye bango, ndefu kuliko mtu aliyelala. Njia nzima ya kurudi niliipakata imeviringishwa, nikaona migomba ikipita, mingine na mingine, sikumbuki hata nilipanda gari gani.

Kilema, baada ya misa

Wazee walikaa uwanjani kanisani, tukaunganisha meza tatu, nikaitandaza picha nikaibana kwa mawe. Prosperi alikuja wa kwanza. Hatujasalimiana miaka minane, tangu maporomoko. Alipapasa katikati ya picha kwa kidole gumba, taratibu, akitafuta kile kiungo. Alipapasa mara mbili. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaweka kofia gotini.

Wazee wakainama wote pamoja, wakaanza kuonyeshana vihamba vyao. Shangazi Anakleta akasema kwamba yeye ndiye anayelala pale chini, na kwa kuwa macho hayaoni, aonyeshwe kwa kidole. Akaninyooshea mkono. Nikamwuliza tuanzie wapi, nikitumaini atasema bwawani.

"Anza mwanzo. Kushoto."

Nikakishika kidole chake ndani ya mkono wangu huu unaotetemeka, nikakiweka kwenye picha. Huu ni msitu, shangazi. Huu ni mfongo unaingia. Tukaenda nao kidogo. Kisha mkono wangu ukasimama.

"Hapa kuna nini?"

"Majani mabichi."

"Kiangazi hiki? Yananywa maji ya nani?"

Watu walikuwa bado wanaongea. Nikasema, "Ni yangu, shangazi. Nilitoboa mimi, wakati wa matofali. Yameshuka hadi kwa mama. Yamefika na jikoni kwako."

Waliokuwa karibu wakawapasia maneno yale waliokuwa ukutani. Shangazi alitoa kidole chake mkononi mwangu, akakifuta kwenye kanga, kama mtu aliyegusa kitu chenye maji kweli. Nilidhani Prosperi atacheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko kile tangu Mkuu. Alikuwa anaitazama kofia yake.

"Mwonyeshe yote," akasema. "Hujafika kwangu."

Shangazi akarudisha kidole. Tukaendelea, mfongo ukipita mzima chini ya kucha yake, hadi kwenye ule mng'ao. Kabla sijafungua mdomo Prosperi akasema, "Hapo ni bwawa langu, shangazi. Na maji yanayoshuka chini yake ni yangu pia." Shangazi aliuliza misalaba iko wapi, nikampeleka, akakiacha kidole pale muda mrefu, na wazee wakamsubiri.

Jumatatu ya msaragambo

Wazee hawakutoa hotuba. Walisema kesho yake ni msaragambo, ile kazi ya watu wote, kila nyumba mtu mmoja na chombo chake, na matundu yote mawili yazibwe kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Nasikia wengine walitaka tutozwe mbuzi, mimi na Prosperi, na hilo litazungumzwa. Bwawa tulilifungua likakauka mchana ule ule, samaki wakagawanywa kwa ndoo.

Kwenye tundu langu walinishusha mimi mwenyewe, niingie ndani ya mfongo niyapange mawe kutoka chini. Nilikuta kipande kimoja cha kigogo bado kipo, cheusi, laini. Kilikatika vidoleni kama mkate uliolowa. Juu ukingoni watu walipokezana mawe kwa mstari, na aliyesimama mwisho wa mstari, wa kunikabidhi mimi, akatokea kuwa Prosperi. Hakuna aliyempanga pale. Hakuna aliyemwondoa.

Alinishushia la kwanza, nikalipokea, nikalipanga. La pili vivyo hivyo. Jina lake nimeliandika hapo juu la kwanza, na silifuti. Yustina alikuwa na miaka ishirini na sita. La tatu lilikuwa kubwa, akapiga magoti ukingoni ili asiliachie ghafla, akalishikilia hadi mikono yangu yote miwili ilipokuwa chini yake. Lilikuwa zito sana. Nikasema aika, ile asante ya kwetu, kabla sijakumbuka kwamba siongei naye. Akainuka kwenda kuchukua jingine.